Silaha "isiyoua" inachukua nafasi ya nini?

SWALI: Assalaamu alaykum Maalim. Mimi ni askari wa Chuo cha Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, huku Pemba, huu mwaka wa tisa niko kazini. Nimetiwa katika kikundi kidogo cha kutoa maoni juu ya vifaa ambavyo muuzaji mmoja anataka kutuuzia: makopo ya pilipili ya kupuliza, bunduki ya shoti ya umeme na bunduki ya risasi za mpira. Makaratasi yake yanasema vyote "haviui". Kati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kuvishika. Tuvipime vipi? Na tukisema hapana, hatutakuwa tumewanyima wenzetu kinga?

JIBU: Waalaykumu salaam, kijana wangu. Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha niandike, maana limetoka kwa mtu anayewaonea uchungu wenzake. Nimefundisha askari matumizi ya silaha miaka mingi kabla sijastaafu, na kila kifaa kipya kilipoletwa watu waliuliza kinafika umbali gani na bei yake kiasi gani. Wachache mno waliuliza ninaloliona mimi kuwa ndilo la mwanzo: kitu hiki kinachukua nafasi ya nini?

Chukua askari mwenye bunduki ya risasi za moto, kajiwa na mtu ameshika panga. Mpe kitu kingine cha kumzuia yule mtu bila kumuua, umeokoa roho. Hapo kifaa kimechukua nafasi ya risasi. Sasa nitazamie kazi yako. Unapoingia uwanjani na kwenye mabweni asubuhi, unaingia na nini? Filimbi, funguo na ulimi wako. Kanuni za Mandela juu ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015, zinataka iwe hivyo: kanuni ya 82 inasema askari anayekutana na wafungwa uso kwa uso asiwe na silaha ila kwa hali maalumu. Kwa hiyo bunduki ya umeme ukiitia mle ndani haiondoi risasi, maana risasi haikuwemo. Inaondoa maneno. Inaondoa ile robo saa ya mlangoni: "Bwana, nipe hicho chuma, kaa chini, nieleze nani kakuudhi." Askari mwenye kifaa kiunoni robo saa hiyo ataiona ndefu.

Tukio ninalopenda kuwasomea wanafunzi wangu lilitokea uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, Oktoba 2007. Msafiri kutoka Poland, Robert Dziekański, alikuwa amezungukazunguka pale kwa saa nyingi, hajui Kiingereza, amechoka, anarusharusha viti. Polisi wanne wakafika. Haikutimia dakika moja wakampiga kwa bunduki ya umeme, na kwa jumla walimpiga mara tano. Alikufa palepale sakafuni. Jaji Thomas Braidwood alichunguza jambo hilo kwa urefu, na ripoti zake zilibadilisha masharti ya silaha ile nchini Kanada. Ukilitazama kwa jicho langu, kifaa pale hakikuchukua nafasi ya bastola, kwa sababu hakuna askari ambaye angemfyatulia mtu yule risasi. Kilichukua nafasi ya mkalimani.

Basi jambo la kwanza kwenye kikao chenu, kabla hamjafungua katalogi, leteni kitabu cha matukio cha miaka mitatu iliyopita. Someni tukio moja baada ya jingine: nani alimpiga nani, wapi, saa ngapi, askari walikuwa wangapi, lilimalizwaje. Kila tukio liulizeni: kifaa hiki kingekuwepo, kingefanya nini hapa? Nadhani mtakuta mengi yalimalizwa na askari mmoja mtu mzima anayeheshimiwa, na yaliyoharibika yaliharibika kwa sababu zamu ilikuwa na watu wawili. Upungufu wa watu hautibiwi kwa umeme.

Halafu neno "haiui" lifuteni kwenye makaratasi yenu yote. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 unazungumzia silaha zenye hatari ndogo zaidi ya kuua, na hilo neno "zaidi" lina maana kubwa. Kabla yake kuna misingi iliyopitishwa Havana 1990, inayozitaka serikali ziwape askari vifaa vya kati ili risasi isiwe jibu la haraka, na papo hapo inataka vifaa hivyo vipimwe kwa uangalifu ili asiyehusika asidhurike. Sisi Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa kwa nini kitu cha kati kinatakiwa. Januari 2001 askari walipowafyatulia risasi waandamanaji, zaidi ya watu 30 walipoteza maisha Unguja na Pemba, na wengine wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwa hiyo sisemi vifaa hivi vyote ni vibaya. Nasema kila kimoja kipimwe mahali kitakapotumika, kwa mwili kitakaoupiga.

Sasa niende kwenye mzigo wa muuzaji wako, nianze na kibaya zaidi.

Risasi za mpira zilianza kutumiwa na jeshi la Uingereza kule Ireland ya Kaskazini 1970, na baadaye zikafuatwa na za plastiki. Kati ya 1972 na 1989 ziliua watu 17, na kati yao walikuwemo watoto. Za mwanzo zilikusudiwa zipigwe chini zidunde, zimfikie mtu miguuni zikiwa zimepungua nguvu. Kitu kinachodunda hakiulizi kinakwenda wapi. Ilichukua miaka mingi mpaka 2005 walipoanza kutumia risasi yenye kichwa chenye uwazi ndani, kinachobonyea kikipiga kitu kigumu kama fuvu. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali: katika majeruhi 1,984 wa risasi za aina hii, 53 walikufa na 300 walibaki na ulemavu wa kudumu, wengi wao wa macho. Zisomeni takwimu hizo kwa uadilifu. Hao ni watu waliojeruhiwa na kuandikwa, hawajumuishi kila aliyepigwa, kwa hiyo msiseme "watatu katika kila mia hufa". Zinachoonyesha ni kwamba risasi hii inapokosea, inakosea vibaya.

Na kukosea ni tabia yake. Niliwahi kuijaribu katika mafunzo fulani. Tulijaza magunia makumbi ya nazi, tukayavisha fulana, tukayachora uso kwa mkaa, tukayasimamisha mita 30 mbele yetu. Mpigaji alikuwa hodari, mkono wake nilikuwa naujua. Nikamwambia alenge paja. Ya kwanza ilipiga paja. Ya pili ilipita pembeni. Ya tatu ilitua chini ya jicho la mkaa, na nilipokwenda kulitazama gunia nilikuta nyuzi zimekatika na kumbi limechungulia nje. Yule kijana aliweka bunduki chini akasema, "Maalim, mimi sijakosea." Alisema kweli. Kwa mbali haina uhakika, na kwa karibu ina nguvu ya kuvunja mbavu na kuingia mwilini. Salama yake iko katikati tu, na gunia halikimbii wala haliinami.

Chukueni futikamba mpime bweni lenu refu kuliko yote. Kisha mtazame umbali wa chini ambao mtengenezaji mwenyewe anauruhusu. Kama ukuta wa mwisho uko karibu kuliko umbali huo, mjadala umekwisha. Jambo jingine ni kuchanganya risasi. Katika mji wa Portland, Marekani, 2011, polisi mmoja alijaza risasi za moto kwenye bunduki iliyotengwa kwa vifuko vya shanga za risasi, akampiga mtu akidhani anarusha vifuko. Yule mtu alinusurika na majeraha makubwa. Tangu niliposoma habari ile, nasema bunduki mbili zinazoweza kula risasi za namna mbili zisilale ghala moja. Maoni yangu kwa kazi yenu ya ndani: risasi za mpira, hapana.

Bunduki ya umeme inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo itakayowavutia wenzako. Inarusha vishale viwili vyenye nyaya nyembamba. Vikinasa mwilini, umeme unapita baina yake na misuli inakakamaa. Ila vishale huachana kadiri vinavyokwenda, na kwa aina za kawaida ni kama futi moja kwa kila futi saba za mwendo. Vikinasa karibukaribu, umeme unashika kipande kidogo tu cha misuli: mtu anaumia, anapandwa na hasira, na bado amesimama. Ndani ya seli mtu yuko hatua mbili mbele yako, yaani pale ambapo kifaa kinafanya kazi vibaya kuliko popote. Nguo nazo zina lake. Kanzu pana, koti la mvua, buibui kwa upande wa wanawake: kishale kikinasa kwenye kitambaa kinachoning'inia mbali na ngozi, umeme haufiki. Muulizeni muuzaji walijaribu kwa watu waliovaa nini, na katika joto gani.

Kikifanya kazi sawasawa, mtu anaanguka kama mnazi uliokatwa, mikono imekakamaa, hawezi kujikinga. Sakafu zenu ni saruji. Kitanda ni cha chuma. Kichwa kikigonga pembe, daktari hataandika kwamba umeme ndio uliomuua, lakini mama yake atajua. Kuna na moyo: tangu 2009 mtengenezaji mkubwa wa silaha hizi mwenyewe anawaambia watumiaji waepuke kulenga kifua. Mzunguko mmoja ni sekunde 5, na askari aliyetishika akibana kidole unaendelea. Kifaa kinahifadhi ndani yake kumbukumbu ya kila kilipofyatuliwa, saa na sekunde zake. Hiyo ni faida kubwa, ila ulizeni nani katika kituo chenu ataisoma kumbukumbu hiyo, na kama ana cheo cha kumhoji mkubwa.

Kuna namna ya pili ya kukitumia: kukigusisha mwilini bila vishale. Namna hiyo haimzuii mtu, inamuumiza tu. Chombo cha maumivu matupu, kisichoacha alama kubwa, katika chumba kilichofungwa usiku wa manane, sikitaki karibu na askari yeyote niliyemfundisha. Nawapenda askari wetu. Nimewaona wakigawana chakula chao cha zamu na wanafunzi, kama tunavyowaita wafungwa kwetu. Ila nimeona pia mtu mwema aliyelala saa tatu katika siku mbili anavyokuwa.

Pilipili ndiyo pekee ninayoona mna jambo la kuizungumza. Inaweza kuchukua nafasi ya rungu, na rungu likivunja mkono limevunja. Hapa pimeni kwa makini, maana makopo hayafanani hata kidogo. Muuzaji atakuambia "asilimia kumi" ukadhani ni kali kuliko ya asilimia tano. Asilimia hiyo ni ya mafuta ya pilipili, na mafuta hutofautiana kama pilipili mbuzi na pilipili hoho. Kipimo cha ukali ni kiasi cha kapsaisini yenyewe, yaani kile kinachowasha ndani ya pilipili, basi dai karatasi ya maabara yenye namba hiyo kwa kila toleo. Pili, dawa imechanganywa na nini? Ikiwa ni spiriti, kisha mtu huyo akapigwa umeme, nguo zinaweza kushika moto mwilini. Kama muuzaji anawauzia vifaa vyote viwili kwa mpigo bila kulitaja hilo, nyinyi mnamjua tayari ni muuzaji wa namna gani.

Tatu, inatokaje? Ile ya ukungu, ndani ya bweni la watu thelathini, imewapiga thelathini pamoja na wewe. Yupo mwenye pumu, yupo mzee, na waliokuwa wamelala hawajui kumetokea nini. Ya jeli au povu inakwenda kwa aliyekusudiwa na haitawanyiki sana hewani. Ikiwa mtakubali chochote, ikubalini hiyo, kwa viongozi wa zamu tu, na kwa mtu anayeshambulia. Anayegoma kutoka seli akakaa kimya hashambulii.

Muuzaji asije akawaongezea mabomu ya machozi kama zawadi. Tunayaita gesi, kumbe dawa yake kuu, iliyogunduliwa 1928 na wakemia wawili wa Marekani, ni unga. Bomu huuchoma ukaruka kama moshi, na ukishatua unakaa kwenye magodoro na kuta, feni ikiwashwa unaamka tena. Kikopo chenyewe ni cha moto. Kwenye mwili wenye jasho, na sisi Unguja na Pemba tuna jasho mwaka mzima, unawasha kupita kiasi. Tarehe 18 Agosti 2013 huko Misri, mahabusu 45 walikuwa wamejazwa kwenye gari la kuwapeleka gereza la Abu Zaabal. Walikaa humo masaa juani, kisha gesi ikatiwa ndani. Walikufa 37. Gari lenu la kuchukulia wanafunzi kwenda mahakamani lina dirisha ngapi?

Na kwa kuwa najua utazungumza na jamaa zako wa polisi, waambie habari ya uwanja wa Kanjuruhan, Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022. Polisi walirusha mabomu ya machozi kuelekea majukwaani baada ya mechi, watu wakakimbilia milango myembamba, wakafa 135, na polisi wenyewe walikiri baadhi ya mabomu yalikuwa yamepita muda wake. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi hiyo uwanjani. Kila nikiingia Gombani au Amaan naihesabu milango kwanza, ndipo naangalia pa kukaa.

Mimi mwenyewe nina langu. Zamani, mtaa mmoja wa Ng'ambo, nilikuwepo bomu liliporushwa kutawanya vijana. Kaskazi ilikuwa inavuma. Vijana walikimbia upande wa juu wa upepo, na moshi wote ukaingia uchochoroni, kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani na mjukuu wake wa miezi. Tulimtoa mtoto midomo imebadilika rangi. Alipona, alhamdulillahi. Ninachokikumbuka hadi leo ni kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa na chupa ya maji. Tulikuwa na mabomu ya kutosha mtaa mzima, maji tulimwomba yule bibi.

Kwa sababu hiyo nusu ya kipimo chenu iwe juu ya yale yatakayofuata baada ya kifaa kutumika. Aliyepulizwa atolewe kwenye hewa, aoshwe kwa maji mengi, asisugue, nguo zivuliwe. Asilazwe kifudifudi pingu nyuma na mtu kumkalia mgongoni, maana hapo ndipo wengi hufa wakidhaniwa wametulia. Nani atafanya hayo saa nane za usiku? Ana ufunguo wa uwanja? Mkuu wa kituo ataandikiwa saa ngapi? Kanuni ya 82 inasema mara moja, na mimi nasema kabla ya zamu kubadilishana.

Ghala pia lipimeni. Kopo lenye presha chini ya paa la bati, joto la Februari, chumvi ya bahari na unyevu wa masika, halibaki kama lilivyotoka kiwandani. Tarehe ya mwisho iliyopigwa chini ya kopo inadhania ghala la baridi. Acheni sampuli katika ghala lenu miezi mitatu, ndipo mzijaribu. Muuzaji asiyekubali kungoja miezi mitatu, bidhaa yake haiamini.

Kuhusu kuwanyima wenzenu kinga, nikupe mfano wa watu waliosema hapana. Mwaka 2014 meya wa London, Boris Johnson, alinunua magari matatu ya maji kutoka polisi wa Ujerumani, yaliyotumika tayari, ya kufanana na washawasha yetu. Aliyanunua kabla ya ruhusa kutoka. Wataalamu wakayapima, na Julai 2015 waziri wa mambo ya ndani, Theresa May, akakataa yasitumike. Kati ya alivyotazama ni majeraha, na mzee mmoja wa Stuttgart aliyepofuka kwa maji hayo 2010 alikuwa anajulikana Ulaya nzima. Pamoja na matengenezo yalikuwa yamegharimu zaidi ya paundi 300,000. Mwaka 2018 yaliuzwa kwa paundi 11,025. Makosa yalikuwa kununua kwanza na kupima baadaye, na hakuna askari wa London aliyeachwa uchi kwa uamuzi ule.

Wenzenu waombeeni ngao, kofia ngumu, glavu zisizokatika kwa kisu, redio zinazoshika hadi mwisho wa uwanja, na mtu wa tatu katika zamu ya usiku. Andikeni hayo kwenye ripoti hiyohiyo, ukurasa wa mwanzo, mkubwa asije akasoma "hapana" tatu akafunga faili.

Na kabla ya kikao, fanya jambo moja usimwambie mtu. Usiku wa zamu yako, saa nane, simama mlango wa seli ya mwisho, tazama saa, kisha tembea mpaka bomba la maji linalotoka maji kweli usiku huo. Fungua milango yote iliyopo njiani kama mtu aliyemshika mwenzake asiyeona. Idadi ya dakika iandike. Ikiwa ni zaidi ya mbili, hata ile jeli msiikubali mpaka bomba lisogezwe.